Zile Siku Tatu Tulizokuacha

Jeddah, alasiri ya kuamkia safari yako

Mwanangu Zuhura,

Umetoka na mama yako kwenda sokoni Balad kutafuta sanduku jingine, maana lile la kwanza limejaa kabla viatu havijaingia. Mdogo wako Saumu kawafuata. Nyumba imebaki na mimi na kiyoyozi cha sebuleni, ambacho kinanguruma tangu Ramadhani na mimi, fundi wa viyoyozi, sijakigusa. Nimeona nikae hapa mezani nikuandikie sasa hivi. Kesho uwanja wa ndege nitakuwa nashughulika na mizigo na pasipoti, na unanijua, nikishughulika huwa sisemi la maana.

Habari za chandarua, laini ya simu na nani wa kumpigia ukifika chuoni Morogoro, sitazigusa. Mama yako amekuandikia kurasa nne, na kila ukurasa kaupigia mistari ya rangi. Mimi nataka kukujibu lile ulilosema juzi tukila chakula cha mchana.

Nilipotaja kwamba mimi na mama yako tutakwenda Italia siku tatu, wiki mbili tu baada ya wewe kuondoka, uliweka kijiko chini ukasema, "Yaani hamngoji hata kitanda changu kipoe." Ulicheka, Saumu naye akacheka, lakini wali wako hukuumaliza. Baadaye, ulipokuwa unaosha vyombo, ukaongeza bila kunitazama, "Si mara ya kwanza. Kila baridi mnatuacha." Nikakumbuka kwamba ulikwisha kuniuliza, ukiwa na miaka kumi na miwili: "Baba, kwani mnatukimbia?" Siku ile nilikujibu kwa mzaha, nikasema ndiyo, tunakimbia kelele zenu. Lilikuwa jibu la mtu mwoga. Sasa una miaka kumi na tisa, unakwenda kuishi mbali nasi, na sitaki uondoke na jibu lile.

Nimemwomba mama yako ruhusa ya kukueleza haya. Akafikiri kidogo, akasema, "Mwambie. Lakini usijipambe, na mimi usinichafue." Nitajitahidi.

Unajua kwamba nilifanya kazi Riyadh ulipokuwa mdogo, ila nadhani hujui ilivyokuwa. Nilisimamia viyoyozi vya jengo moja la ofisi pale Olaya, refu hata ukitaka kuliona juu lazima ushike kofia. Mama yako alikwisha kupata kazi ya uuguzi hapa Jeddah, kazi yenye nyumba, na shule ambayo ungeanza baadaye ilikuwa karibu. Tukaamua ninyi mkae huku, mimi nikae kule, kwa mwaka mmoja. Mwaka ukawa miwili. Ikafika minane. Alhamisi jioni nilipanda ndege kuja kwenu. Ijumaa tulikwenda kuswali, tukala, nikakuchukua ufukweni. Jumamosi alasiri nikawa nakunja nguo zangu. Nilijiona baba mzuri sana, kwa sababu sikuwahi kukosa Alhamisi hata moja.

Kiangazi tulikwenda nyumbani Tanga, kama watu wote. Likizo ya baridi ilikuwa fupi, wiki mbili, na hiyo ndiyo niliyoitaka iwe ya Ulaya. Nisikudanganye kwamba nilikuwa na sababu kubwa. Wenzangu wa ofisini, Wamisri na Walebanoni, walikuwa wanarudi Januari na picha za theluji, wananionyesha kwenye simu, nami nikataka kuwa na zangu za kuonyesha. Safari ya kwanza ilikuwa ya kuonekana. Nilichapisha ratiba ofisini, karatasi mbili, saa kwa saa. Mpaka muda wa kunywa chai niliuandika.

Ulikuwa na miaka sita. Tulifikia Austria, kijijini, kwenye nyumba ya mfugaji mmoja mzee aliyekuwa akikodisha ghorofa ya juu. Chini ya nyumba, ukivuka ua, kulikuwa na banda la ng'ombe waliofungiwa ndani kwa ajili ya baridi. Ratiba yangu haikuwa na ng'ombe. Wewe ndiye uliyewataka. Kila asubuhi ulivaa buti ukashuka kwa yule mzee, yeye hajui Kiswahili wala Kiarabu, wewe hujui Kijerumani, mnapokezana ndoo. Alikuita "Tsuhura." Nadhani hii Morogoro yako ilianzia mle bandani, ingawa wewe utasema hapana.

Asubuhi ya siku ya nne tulikuwa tunakula. Mama yako alikuwa anakupakia siagi kwenye mkate. Ukamwinamia, ukamnong'oneza kwa ule mnong'ono wa watoto unaosikika nyumba nzima:

"Mama, baba anaondoka lini?"

"Kula mkate wako," akasema.

"Lakini siku mbili si zimeshapita?"

Hukuuliza kwa ubaya. Uliuliza kama mtu anayeuliza duka linafungwa saa ngapi. Kwako baba alikuwa mtu wa siku mbili, na sasa siku zimezidi, unataka kujua kuna nini. Mimi nilikuwa nakoroga chai. Niliendelea kukoroga mpaka ikapoa, kisha nikasema natoka kuzoa theluji.

Hakuna aliyenituma. Nilichukua beleshi lililokuwa limeegemezwa ukutani nikazoa kama nalipwa. Nilizoa karibu saa nzima, theluji yote nikaitupa upande mmoja, na nilipoinua kichwa nikamwona yule mzee amesimama na ndoo zake ananitazama. Nilikuwa nimeuziba mlango wa banda la ng'ombe, kimo cha kifua changu. Aliweka ndoo chini, akaenda kuchukua beleshi la pili, tukaanza kuirudisha theluji kule nilikoitoa. Wewe ulikuwa dirishani juu, umebandika pua kwenye kioo, unacheka mpaka kioo kinapata ukungu. Ndiyo mara ya kwanza safari ile nilipokuona unacheka kwa ajili yangu.

Mtu mwenye akili angejifunza kitu pale. Mimi nilijifunza kinyume. Nilijiambia mtoto wangu hanizoei kwa sababu safari haikuwa na mambo ya kusisimua ya kutosha.

Mwaka uliofuata hatukwenda. Saumu alikuwa amezaliwa, tukatulia. Kwa hiyo baridi iliyofuata nikaja na ratiba ya karatasi tatu, na juu kabisa nimeandika masomo ya kuteleza kwenye theluji. Hilo najua unalikumbuka, maana mwaka jana ulilisimulia mbele ya rafiki zako, nao wakavunjika mbavu. Ulikuwa na miaka minane. Ulisimama juu ya kile kilima na zile mbao miguuni, ukaangalia chini, ukakataa. Mwalimu akakubembeleza. Watoto wengine wa mataifa mengine wakapita, wadogo kuliko wewe. Nikapanda mimi mwenyewe kwa miguu, nikitumbukia mpaka magotini, na nilipokufikia nikakwambia kwa sauti kubwa, "Tumetoka Saudia mpaka huku ili ulie?" Ukajikojolea. Mbele ya wote, ndani ya ile suruali nene ya samawati.

Mama yako alipanda akanipa Saumu mikononi, akakubeba, akashuka na wewe. Hakunitupia hata neno. Hakunitupia neno jioni ile, wala kesho yake, wala kwenye ndege mpaka Jeddah.

Ulipolisimulia mwaka jana nilicheka pamoja nanyi. Lakini sijawahi kukuomba radhi. Nakuomba leo, Zuhura. Uliogopa, na aliyepaswa kukushika mkono ndiye aliyekuaibisha. Nisamehe, mwanangu.

Tuliporudi, mambo nyumbani yakawa baridi zaidi ya kule tulikotoka. Mama yako alikuwa anafanya kazi kwa zamu, anawalea ninyi wawili, na kila Alhamisi ninapokuja mimi ninaanza kukagua. Nilihamisha makopo ya viungo. Nilihamisha muda wenu wa kulala. Nikauliza kwa nini chumvi iko upande ule wa jiko wakati mtu anayepika anasimama upande huu. Nilidhani ninasaidia. Jumapili nikiwa Olaya, juu ya dari na watu wangu, yeye alikuwa anarudisha kila kopo mahali pake.

Bibi yako, mama yake mama, akaja kwa Umra mwezi uliofuata, akakaa nasi. Ulikuwa unalala naye, unakumbuka alivyokuwa anakusukia na kukusimulia visa vya ujana wake Pangani. Bibi hakuuliza swali. Aliziangalia Alhamisi mbili tu. Ijumaa ya pili, tumetoka kuswali, akaniita ukumbini akasema, "Baba Zuhura, kaa."

Nikakaa.

"Wewe na mwanangu mnazungumza kama watu wa zamu. Mmoja anaingia, mwingine anakabidhi. Mgonjwa kala, mgonjwa kalala, dawa iko pale. Halafu basi."

"Mama, ni kazi tu. Tumechoka."

"Najua mmechoka. Nendeni mahali, siku tatu. Watoto wana mimi." Kisha akaongeza, "Na usimpeleke mahali pa kumwonyesha mambo."

Hilo la mwisho nililisikia, lakini halikuingia. Viza zetu za Ulaya zilikuwa bado hai, nikapata tiketi za Porto, kule Ureno. Mama yako alikubali upesi mno. Nilifurahi. Nilidhani amenisamehe. Nikachapisha ratiba, karatasi moja tu safari hii, nikajiona nimebadilika.

Porto ni mji wa vilima na ngazi, na mvua ilitupokea uwanja wa ndege ikatusindikiza kila tulikokwenda. Siku ya kwanza tuliona makanisa, soko na daraja. Siku ya pili, saa tisa hivi, tulikuwa tunapanda ngazi kwenda kwenye mnara mmoja mama yako aliposimama katikati. Viatu vyake vilikuwa vimelowa mpaka vinatoa sauti.

"Mimi siendi," akasema.

"Mnara unafungwa saa kumi na moja."

"Nenda, Baba Zuhura. Nenda ukauone. Utanisimulia."

Nikaenda. Hebu fikiri. Nilimwacha mke wangu kwenye ngazi, mvua inanyesha, nikaenda kuuona mnara. Nilipofika juu kulikuwa na ukungu mtupu, sikuona hata paa la nyumba moja. Nikaupiga picha ule ukungu, nikashuka.

Chumbani hakuwepo. Simu yake ilikuwa juu ya kitanda. Nikangoja robo saa, kisha nikatoka kumtafuta. Nilikwenda kwenye mgahawa tuliokula asubuhi, nikaenda sokoni, nikateremka mtoni, nikapanda tena. Na nikiwa natembea ndipo nikagundua jambo lililoniogopesha kuliko kupotea kwake kwenyewe. Sikujua angekwenda wapi. Mke wangu, niliyeishi naye miaka kumi na mmoja, akipewa saa mbili za peke yake, hupenda kufanya nini? Nilijua kila mtambo kwenye lile jengo la Olaya, upi unavuja na upi unakoroma, lakini hili sikulijua.

Nilimpata kwenye duka la kufulia, lile lenye mashine za kutumbukiza sarafu, mtaa wa nyuma tu ya mahali tulipofikia. Aliingia kukausha soksi. Kulikuwa na bibi mmoja wa Kireno, mfupi, amevaa koti la nyumbani, na wote wawili walikuwa wameshika shuka moja kubwa, huyu ncha hii, yule ncha ile, wanajaribu kuikunja. Mama yako alikuwa peku. Shuka iliwatoka mikononi ikaanguka, nao wakacheka, mama yako akashika kiuno kwa kicheko. Mimi niko nje, nimelowa, namtazama kupitia kioo. Sikumbuki ni lini mara ya mwisho nilikuwa nimemwona akicheka vile. Sikutaka kuingia. Nilijua nikiingia kicheko kitakatika.

Nikaingia, na kikakatika.

"Umekuwa hapa muda wote?"

"Soksi zilikuwa zimelowa."

"Nimekutafuta mji mzima."

"Kaa," akasema.

Yule bibi alitutazama mmoja mmoja, akachukua kapu lake, akampiga mama yako begani kidogo, akatoka. Tukabaki sisi na mashine moja inazunguka.

"Nilikubali kuja huku kwa sababu nina jambo la kukuambia," mama yako akasema. "Sikutaka kukuambia nyumbani mbele ya mama. Shule ikifungwa nawachukua watoto, tunarudi Tanga. Nimeshaulizia kazi kule."

"Umeamua bila mimi?"

"Miaka sita naamua bila wewe, Baba Zuhura. Mtoto ana homa, naamua bila wewe. Shule, naamua bila wewe. Halafu unakuja Alhamisi unaniuliza kwa nini chumvi iko upande huu."

Nilikuwa na majibu. Nilikuwa nayo mengi, yamejipanga: kwamba Riyadh sikwenda kucheza, kwamba sijakosa Alhamisi hata moja, kwamba wapo akina baba hawaji hata kwa mwezi. Nilifungua mdomo niyatoe. Nikaona miguu yake mitupu juu ya ile sakafu ya baridi. Nikauliza, "Chumvi ikae upande gani?"

Akanitazama. Nadhani alikuwa anapima kama ninamkejeli.

"Upande ninaoiweka mimi."

"Haya."

Akaanza kulia, kisha akacheka katikati ya kilio, akafuta pua kwa soksi iliyotoka kwenye mashine. Tulikaa pale mpaka mwenye duka alipokuja kufunga. Alinieleza jinsi siku ya Jumapili anavyohitaji kuanza upya ili ninyi mmtii, kwa sababu mimi nimepita nikavuruga. Nami nikamweleza mambo ambayo sikuwa nimemwambia mtu. Kwamba Riyadh nakula nimesimama. Kwamba Jumamosi nikirudi kule nakaa kitandani na koti langu, sivui mpaka baridi ya chumba inizoee. Nikamwambia na lile swali lako la Austria.

"Nilijua ulisikia," akasema. "Nilikuwa nangoja useme. Nimengoja miaka miwili."

Mwanangu, hapo ndipo nataka usimame kidogo. Kila mmoja wetu alikuwa amelibeba neno lile lile miaka miwili, kila mmoja akingoja mwenzake aanze. Ukiwa na jambo na mtu unayempenda, mwambie wakati bado ni dogo. Mengine utayajua mwenyewe.

Hatukutoka mle dukani tumepona. Mama yako hakufuta uamuzi wake, alisema tu atangoja shule zifungwe aone. Tuliporudi, Alhamisi iliyofuata nikamuuliza, "Zamu yangu ni ipi?" Akanipa chai ya Ijumaa asubuhi, na akanipa nywele zako. Unakumbuka? Bibi alikuwa amerudi kwao, mama yako kachoka, nami nikajifunza kukusuka kwa kutazama video wakati wa chakula cha mchana pale Olaya, wasaidizi wangu wakinicheka. Mistari yako ilipinda kama barabara ya kwenda Lushoto. Ulikwenda nayo shuleni hivyo hivyo, ukawaambia wenzako ndiyo fasheni ya Tanzania. Ile nusu saa ya kila Ijumaa, wewe umekaa chini, mimi nimeshika kitana, ndiyo iliyonifundisha majina ya rafiki zako na yupi mmegombana naye wiki ile.

Shule zikafungwa. Mama yako hakuondoka. Hakutangaza kitu, alianza tu kununua madaftari ya mwaka uliofuata.

Kuhama Riyadh kulichukua miaka miwili mingine. Niliomba uhamisho, mkubwa wangu akanijibu bila kuinua uso, "Jeddah mafi kazi. Halas." Yaani Jeddah hakuna kazi, basi. Na ikama yangu, kile kibali cha kuishi, ilikuwa kwake, kwa hiyo ikabidi mkataba uishe kwanza. Kazi niliyoipata huku, mtaa wa Al-Hamra, ilikuwa ya chini. Kule nilisimamia mafundi kumi na watano, huku nikawa napanda ngazi mimi mwenyewe na bisibisi mfukoni. Sijajuta siku hata moja, ingawa magoti yangu yana maoni tofauti.

Na safari za baridi zikabadilika, hilo wewe mwenyewe umeliona. Hakukuwa na karatasi tena. Kuna ile Januari ya Slovakia ambapo siku nzima hatukutoka ndani, tunacheza karata kwa sababu hakuna aliyetaka kuvaa viatu, na Saumu akatufilisi wote maharage tuliyowekeana dau. Kuna mji mmoja ambao sasa hata jina lake silikumbuki, tulishuka kwenye treni kimakosa tukaishia kula supu kituoni na mkuu wa kituo. Nilipiga picha chache. Ofisini sikumwonyesha mtu.

Sasa zile siku tatu. Mle kwenye duka la kufulia, mimi na mama yako tulikubaliana kwamba kila mwaka, wakati wa baridi, tutakwenda mahali ambapo hakuna mmoja wetu mwenye kazi wala jiko, tuambiane yale tuliyoyanyamazia. Ndiyo mkataba wote. Bibi alikuja baadhi ya miaka, mingine mlikaa kwa jirani yetu Mama Leila. Mara moja ulilia mlangoni ukanishika suruali, nami nikaenda, na nilijisikia vibaya mpaka ndege iliporuka. Miaka mingine hatukuwa na la kuambiana, tukala na kutembea tu. Athens tuligombana siku zote tatu, tukarudi tumechoka kuliko tulivyoondoka, lakini tulirudi na maneno yote yametoka. Hatukuwa tunawakimbia, Zuhura. Tulikuwa tunakwenda kuhakikisha kwamba mtakaporudi kutoka shule mtatukuta wote wawili. Na kwa kuwa nimeahidi kutojipamba: mwaka mmoja au miwili, kelele zenu nazo tulizikimbia kidogo.

Ndiyo maana ya Italia. Nyumba hii itapungua mtu, na sisi tunataka kwenda kukaa mahali tukaambiana itakuwaje. Pengine mama yako atalia kwenye mgahawa. Pengine mimi.

Nenda salama, mama. Mungu akuweke mbele ya watu wema, na wewe uwe mmoja wao kwa wengine. Na ukipotea njia Morogoro, uliza. Usifanye kama baba yako, aliyetembea saa mbili kwa kiburi.

Kuna jambo moja limebaki, na hili mama yako hajui kama nitaliandika.

Januari iliyopita, kule milimani Slovenia, uliingia jikoni alfajiri nikichemsha chai. Ulikuwa umejifunika blanketi. Ukaniambia, "Baba, sitaki Malaysia. Sitaki famasia. Nataka kwenda nyumbani, Morogoro, nisomee mifugo." Kisha ukanishika mkono: "Usimwambie mama kwanza. Nitamwambia mwenyewe." Nikakwambia sawa. Sikulala vizuri kwa furaha kwamba umenichagua mimi wa kwanza. Nilikaa na siri yako wiki nne, na unajua mimi siwezi siri, nilikuwa naondoka mezani kila mama yako akitaja Malaysia.

Februari tukaenda Krakow, siku zetu tatu. Jioni ya pili tunakula, mama yako akasukuma sahani mbele, akasema, "Baba Zuhura, kuna jambo nimeombwa nisikuambie, na mkataba wetu unanikaba."

"La Zuhura?"

"La Zuhura."

"La Morogoro?"

Akabaki na mdomo wazi. Ulikuwa umemwambia yeye siku ile ile, mchana, mkiwa mnatembea kwenye theluji, na ulimshika mkono ukamwambia, "Usimwambie baba kwanza." Naye alikuwa amekaa wiki nne akijisifu moyoni kwamba amechaguliwa. Tulicheka mpaka mhudumu akatuletea maji bila kuombwa. Tukaapa kutokwambia. Asubuhi yake, chumbani, tulisimama mbele ya kioo tukafanya mazoezi ya kushangaa.

Kwa hiyo ulipotukalisha sebuleni mwezi wa tatu na karatasi yako mkononi, ukatusomea sababu zako moja baada ya nyingine, mama yako akashika kifua, nami nikasema "Morogoro?" nikaangusha miwani, tulikuwa tunajua kila kitu. Saumu alitutazama kwa jicho la shaka. Wewe ulitukumbatia wote kwa pamoja.

Mimi nilidhani ile ya miwani niliizidisha. Mama yako anasema ilikuwa nzuri.

Ni mimi, baba yako, niliyefurahi kuzishika siri zako zote.